Korona ilianzia tumboni, na sasa ini la ami yangu limeguswa: naomba maelezo

Binti wa Matondoni (Lamu)

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nawaomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo haya, kwa sababu nimejaribu kuyafupisha nikaona kwamba ninayoyaacha huenda ndiyo mtakayoyahitaji.

Ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, ana umri wa miaka 58 na ni fundi wa majahazi hapa Matondoni, mtu ambaye tangu nipate akili sijawahi kumuona amelala kitandani mchana. Miezi miwili iliyopita alianza kuendesha, bila kikohozi, bila mafua na bila kubanwa na kifua. Tulidhani ni samaki aliyelala, kisha tukadhani ni maji, na kwenye duka la dawa akapewa antibayotiki pamoja na vidonge vya kuzuia tumbo. Siku ya tano ndipo homa ilipopanda, kikohozi kikaanza, na ladha ya chakula ikapotea kabisa. Tulimchukua kwa mashua hadi mjini, na kipimo cha puani kikaonyesha kwamba ana korona. Alilazwa siku sita, na siku tatu kati ya hizo alikuwa akisaidiwa kwa oksijeni.

Damu yake ilipopimwa, karatasi ilionyesha ALT 96 na AST 118, na pembeni paliandikwa kwamba kiwango cha kawaida hakizidi 40. Daktari alituambia kwamba ini limeguswa na korona na kwamba apimwe tena baadaye, lakini wodi ilikuwa imejaa na hatukupata nafasi ya kuuliza zaidi.

Kifua sasa kimetulia, alhamdulillahi. Tumbo ndilo halijatulia: hujaa gesi kila anapokula, choo ni chepesi mara mbili au tatu kwa siku, hamu ya chakula ni ndogo, na amepungua kilo saba. Nyumbani wamemwekea utaratibu wa kunywa maji ya majani ya muarubaini kila asubuhi na shubiri kila usiku, kwa nia ya kulisafisha ini. Vilevile humeza parasetamoli kwa ajili ya mgongo.

Ninalotaka kufahamu ni hili: maradhi ya kifua yanafikaje kwenye utumbo na kwenye ini? Je, ini lake litarudi kama lilivyokuwa? Je, sisi tulio naye nyumba moja, tukitumia choo kimoja, birika moja la kuhifadhia maji na kata moja ya kuchotea, tunaweza kuambukizwa kwa njia hiyo? Mwezi wa Ramadhani nao unakaribia, na yeye anasema kwamba atafunga liwe liwalo.

Afisa wa Kliniki (Malindi)

Wa alaykum salaam, dada yangu, na pole kwa kuuguza.

Nitaanza na zile siku tano za kuendesha bila kikohozi, kwa sababu mimi mwenyewe nilidanganywa nazo. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na mwezi uliofuata Kaunti yetu ya Kilifi ikafungiwa mipaka pamoja na Kwale na Mombasa. Katika kliniki niliyokuwa nikifanya kazi, kila aliyeingia aliulizwa kama anakohoa. Aliyejibu kwamba hakohoi na kwamba anasumbuliwa na tumbo alipimwa malaria na taifodi, akapewa dawa, akaenda zake. Naamini kwamba baadhi yao walikuwa na korona, na jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu habari zilikuwa zimekwisha kuandikwa: mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa nchini Marekani, mwezi wa Januari 2020, alikuwa na kichefuchefu na kutapika kabla ya kulazwa, akahara akiwa hospitalini, na choo chake kilipopimwa kikaonekana kina chembe za kirusi.

Sababu yake ni hii. Kirusi cha korona hakiwezi kuingia katika seli yoyote isiyokuwa na mlango wake, na mlango huo ni protini iitwayo ACE2 ambayo hukaa juu ya seli. Watu wengi wanadhani kwamba mlango huo uko mapafuni peke yake, lakini seli zilizotanda upande wa ndani wa utumbo mwembamba zina ACE2 nyingi kuliko hata mapafu, kwa kuwa mwili huitumia hapo katika kazi ya kufyonza baadhi ya asidi za amino zitokanazo na samaki, maharage na nyama tunayokula. Kirusi kinapojishikiza hapo, kimeng'enya cha utumbo, yaani protini inayochochea kazi za kikemia mwilini, hukata mwiba wa kirusi, ile sehemu iliyochomoza ambayo hujishikiza nayo, na kukiruhusu kuingia. Seli iliyovamiwa hushindwa kufyonza maji na chakula ipasavyo, ngozi ya ndani ya utumbo huvimba, na maji ambayo yangeingia mwilini hubaki utumboni na kutoka kama choo chepesi. Kwa hiyo ami yako hakupata maradhi mawili kwa mpigo. Yalikuwa ni yale yale, yaliyotangulia kubisha mlango wa chini.

Wala si jambo la nadra. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2020 uliojumuisha wagonjwa zaidi ya 4,000 ulikuta kwamba takriban 18 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za tumbo: kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kutapika, kuhara au maumivu. Katika uchambuzi huo huo, karibu nusu ya wale waliopimwa choo walikutwa na chembe za urithi za kirusi, na kwa wengi wao chembe hizo ziliendelea kuonekana chooni hata baada ya kipimo cha puani na kooni kuwa safi.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la choo na birika. Kuonekana kwa chembe za urithi chooni si sawa na kuonekana kwa kirusi kilicho hai, kwani mara nyingi kinachopatikana ni mabaki tu, na njia kuu ya kuambukizana korona imebaki kuwa pumzi. Hata hivyo, tahadhari ina msingi. Mwaka 2003, wakati wa maradhi ya SARS, ambayo kirusi chake ni jamaa wa karibu wa hiki, watu zaidi ya 300 waliambukizwa katika majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong, na uchunguzi ukaelekeza kwenye mabomba ya maji machafu yaliyokuwa yakirudisha hewa yake vyooni. Miezi miwili imepita tangu ami yako augue, kwa hiyo hofu ya kuambukizwa korona kwa birika hilo iondoeni. Ile kata moja inayochovywa birikani na kila mkono ndiyo ningependa muibadilishe, hata kama korona isingekuwapo, kwa kuwa kipindupindu, taifodi na homa ya ini ya aina ya A hupita hapo hapo.

Sasa tulifikie ini. Kiungo hiki kina tabia inayokiponza: takriban robo tatu ya damu yake haitoki moyoni moja kwa moja, hutoka utumboni kupitia mshipa mkubwa, ikiwa imebeba chakula kilichofyonzwa na ikiwa tayari imepungukiwa na oksijeni. Utumbo ukivimba na ukuta wake ukalegea, sumu za bakteria ambazo kwa kawaida hubaki ndani ya utumbo hupenya na kupelekwa kwenye ini kwa mshipa huo huo. Oksijeni ikishuka mwilini, kama ilivyomshukia ami yako kwa siku tatu, ini huwa miongoni mwa viungo vinavyoumia, kwa kuwa lilikuwa likiishi kwa kipimo tangu mwanzo. Juu ya hayo, kinga ya mwili inapopigana na kirusi kwa nguvu iliyopitiliza humwaga kemikali za uvimbe katika damu yote, nazo hazichagui pa kudhuru. Kirusi chenyewe nacho kinaweza kulifikia ini, hasa kwa kupitia seli za mirija ya nyongo, ambazo zina ile milango ya ACE2 kwa wingi, tofauti na seli za ini lenyewe ambazo zinayo michache. Na mwisho ni dawa: nyingi kati ya zile alizopewa mgonjwa wa korona, zile za hospitali na zile za nyumbani, huvunjwavunjwa na ini.

Zile namba 96 na 118 zinaeleweka vizuri zaidi ukijua zinapima nini. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyofanya kazi ndani ya seli. Seli ikijeruhiwa, vimeng'enya hivyo huvuja na kuonekana katika damu. Kupanda mara mbili au tatu, kama ilivyo kwake, ndiko kunakoonekana mara nyingi kwa wagonjwa wa korona waliolazwa, na huhesabiwa kuwa ni jeraha dogo. Tena AST hutoka pia kwenye misuli na moyo, na mtu mwenye homa kali na maumivu ya mwili mzima anaweza kuipandisha bila ini kuhusika sana. Kwa wengi, namba hizi hushuka zenyewe katika wiki chache baada ya maradhi kupoa, kwa kuwa ini lina uwezo wa kujijenga upya kuliko kiungo kingine chochote cha ndani. Wanaobaki na madhara makubwa ni wachache, na kwa kawaida ni wale waliokaa muda mrefu katika chumba cha wagonjwa mahututi wakipumuliwa na mashine, ambao baadhi yao mirija ya nyongo ilipata makovu. Ami yako hakufika huko.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba miezi miwili imepita na hajapimwa tena, huku akinywa muarubaini na shubiri. Arudie vipimo vya ini, na siku hiyo hiyo aombe kipimo cha homa ya ini ya aina ya B na ya C. Ninasisitiza hili kwa sababu mtu wa umri wake alizaliwa miaka mingi kabla ya chanjo ya aina ya B kuanza kutolewa kwa watoto wa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mtu anaweza kuishi na kirusi hicho miaka thelathini bila dalili yoyote. Ikiwa hospitalini alipewa deksamethasoni, dawa ambayo tangu Juni 2020 imejulikana kupunguza vifo vya wagonjwa wa korona wanaohitaji oksijeni, basi sababu ya kupima inaongezeka, kwani dawa za jamii hiyo hupunguza kinga na zinaweza kukiamsha kirusi cha B kilicholala. Huweza pia kuwapa nguvu minyoo fulani wadogo wanaoingia mwilini kwa kupenya nyayo zinazokanyaga mchanga, na fundi wa majahazi hushinda pekupeku mchangani. Kwa hiyo choo nacho kipimwe.

Mama wa Shela

Pole sana, mwanangu. Mimi si mtaalamu, nina yaliyonipata tu.

Korona yangu ilikuwa ya tumbo mwanzo hadi mwisho. Sikukohoa hata mara moja. Kilichonilaza kilikuwa ni upungufu wa maji, kwa kuwa nilidhani kwamba nikiacha kunywa, tumbo litakauka. Muuguzi aliyenihudumia alinifundisha kutengeneza maji ya chumvi na sukari nyumbani: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyopigwa usawa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Nilimwambia kwamba ninakunywa madafu, akanieleza kwamba dafu lina potasiamu nyingi lakini chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo lisaidie tu, lisishike nafasi ya yale maji. Baada ya hapo nilisumbuliwa na gesi kwa takriban miezi minne. Maziwa ndiyo yaliyokuwa yakinichafua zaidi, na nilipoyaacha na kunywa mtindi badala yake nikapata nafuu. Wali mwororo, ndizi mbivu na samaki wa kuchemsha niliviweza. Mchuzi wa tui zito na viazi vya karai vilinirudisha nyuma kila nilipovigusa.

Bi Mkubwa wa Mkomani

Nimeyasoma yote kwa makini, na ninawashukuru. Lakini, mwanangu wa Malindi, ninaomba usiuweke muarubaini katika kundi la sumu. Mti huu tumeukuta kwa wazee wetu, na jina lake tumeambiwa ni kwa sababu unatibu maradhi arobaini. Wakati wa korona, watu walipokuwa wakiogopa hata kwenda hospitali, sisi tulijifukiza na tulikunywa majani yake, na wengi wetu tuko hai. Mgonjwa akiachishwa dawa ya nyumbani na hospitali haina muda wa kuzungumza naye, atashika nini?

Mfamasia wa Langoni

Niongeze jambo moja ambalo naona limepitwa kwa haraka, nalo ni ile parasetamoli ya mgongo.

Mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuvuka gramu nne kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na mtu ambaye ini lake lina shida, au aliyekonda na hali vizuri, madaktari wengi humwekea kikomo cha gramu mbili. Tatizo linalonikabili kila siku dukani ni kwamba wagonjwa huhesabu vile vidonge vyeupe peke yake. Dawa nyingi za mafua za mchanganyiko zina parasetamoli ndani yake, na dawa nyingine za mgongo vilevile, kwa hiyo mtu anayekula za aina tatu anaweza kufikia gramu tano au sita akiamini kwamba amekula mbili. Dada, kusanya paketi zote zilizomo nyumbani, usome kilichoandikwa nyuma ya kila moja, na ujumlishe. Kama maandishi ni madogo, zilete kwa mfamasia yeyote aliye karibu nawe azisome pamoja nawe.

Ile antibayotiki ya mwanzo nayo haikuwa na kazi dhidi ya korona, kwa kuwa antibayotiki huua bakteria na haina nguvu juu ya kirusi. Iliyoweza kuwafikia ni bakteria wema wa utumboni, ambao korona yenyewe huwapunguza, hasa wale wanaotengeneza asidi zinazolisha na kutuliza ngozi ya utumbo mpana. Gesi na choo chepesi cha miezi miwili vinaweza kuwa vimechangiwa na hayo mawili kwa pamoja. Tafadhali asipewe nyingine bila kipimo.

Afisa wa Kliniki (Malindi)

Bi Mkubwa, shikamoo, na ninakushukuru kwa kusema wazi, maana wagonjwa wengi huniitikia kwa kichwa kisha wakarudi nyumbani kunywa walichokuwa wakinywa.

Ulilouliza mwisho ndilo zito zaidi, na ninakubali kwamba kosa ni letu. Mgonjwa aliyepewa karatasi yenye namba bila maelezo atatafuta maelezo mahali pengine, na mahali penyewe ni kwa watu wanaompenda. Kuhusu mti, siuiti sumu. Ninachosema ni kwamba kila kinachomezwa, kiwe kimetoka kiwandani au uani, hupita kwenye ini, na ini la mgonjwa huyu lilikuwa likivuja miezi miwili iliyopita. Mafuta ya mbegu za muarubaini yamewahi kuwadhuru watoto wadogo waliopewa kwa mdomo, ini lao likajaa mafuta na ubongo ukavimba. Majani ni kitu tofauti na mafuta, lakini kipimo cha kikombe kilichochemshiwa nyumbani hakuna anayekijua, leo chepesi na kesho kikali. Shubiri ndiyo iliyo wazi zaidi, kwa kuwa kazi yake tangu zamani ni kuendesha tumbo. Mtu anayelalamika kwamba choo chake ni chepesi akipewa shubiri kila usiku, hatutajua kinachomwendesha ni korona au ni kikombe. Zaidi ya hayo, pana wagonjwa walioripotiwa kupata uvimbe wa ini kwa kutumia shubiri ya kunywa muda mrefu, nao wakapona walipoiacha.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo: aviache vyote viwili kwa wiki nne, kisha apimwe. Ini halihitaji kusafishwa, kwani kusafisha ndiyo kazi yake. Lipunguziwe mzigo na lilishwe: protini ya kutosha, samaki na mayai na mbaazi kwa sehemu ndogo ndogo mara tano au sita kwa siku, badala ya sahani moja kubwa ambayo utumbo wake kwa sasa hauimudu.

Dada, nina swali ambalo ningekuuliza faraghani kama tungekuwa ana kwa ana, na halina lawama ndani yake. Je, ami hutafuna miraa au muguka, au hunywa pombe yoyote? Uingereza, ambako Wasomali na Wayemeni wengi walikuwa wakitafuna miraa, madaktari walieleza wagonjwa waliopata uvimbe mkali wa ini kwa sababu yake, na hapa kwetu swali hilo huulizwa mara chache mno.

Kuhusu Ramadhani, Qurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na sheikh wake atamweleza hilo kuliko mimi. Kwa upande wa tiba, mtu aliyepungua kilo saba na ambaye bado anapoteza maji chooni hafai kukaa saa kumi na tatu bila kunywa katika joto la huku. Ikiwa choo kitashikana na uzito ukaanza kurudi kabla ya mwezi kuandama, tutazungumza upya.

Lakini asisubiri wiki nne, na msisubiri mashua ya asubuhi, mkiona weupe wa macho umekuwa wa manjano, mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi, choo kimekuwa cheupe kama chokaa au cheusi kama lami, tumbo limejaa maji, au amechanganyikiwa na analala mchana na kukesha usiku. Macho ya manjano ni nadra katika korona, kwa hiyo yakitokea inabidi itafutwe sababu nyingine, iwe ni homa ya ini, malaria au mawe ya nyongo. Maumivu ya tumbo ya ghafla na makali mno nayo ni ya dharura, kwa kuwa korona hugandisha damu, na kuna wakati, ingawa ni nadra, donge huziba mshipa unaolisha utumbo.

Binti wa Matondoni (Lamu)

Ndugu zangu, ninarudi baada ya wiki tano, na ninaomba radhi kwa kimya.

Nilikusanya paketi kama nilivyoelekezwa. Zilikuwa aina nne, na tatu kati yake zilikuwa na parasetamoli. Kwa hesabu yangu, zipo siku alizomeza gramu nne na nusu. Nilipomuuliza kuhusu miraa alinyamaza kwanza, kisha akaniambia kwamba hutafuna pamoja na wenzake mahali wanapounda majahazi, karibu kila alasiri, tangu ujana wake, na kwamba hospitalini hakuna aliyemuuliza naye hakuona haja ya kusema. Shangazi yangu ndiye aliyeyasoma maelezo ya Bi Mkubwa na ya afisa kwa sauti mbele yake, na wakakubaliana wenyewe kwamba muarubaini na shubiri visimame. Miraa ameipunguza kutoka kila siku hadi Ijumaa, na kwa Ijumaa hiyo tunaendelea kuzungumza naye.

Vipimo vimetoka. ALT ni 41 na AST ni 38. Homa ya ini ya B na ya C hana, na wamemwanzia chanjo ya B. Choo kilionyesha wale minyoo waliotajwa, amepewa dawa yake, na ndani ya wiki moja choo kimekuwa kikishikana isipokuwa akila mchuzi wa nazi. Ameongeza kilo mbili. Gesi bado ipo, hasa usiku, na mtindi ameukubali kwa shida.

Birikani tumeweka mfereji mdogo upande wa chini, na kata tumeiondoa. Kuhusu kufunga, sheikh alimwambia maneno yale yale mliyoandika, na ami amekubali kusubiri hadi mwezi ujao kabla ya kuamua.

Afisa wa Kliniki (Malindi)

Alhamdulillahi. Namba hizo zinatosha kunipa usingizi, dada. Kwa ile gesi ya usiku, chakula cha jioni kiwe kidogo na kiliwe angalau saa tatu kabla ya kulala, na mbaazi zihamie mchana. Kipimo kijacho cha ini kiwe baada ya miezi mitatu, na tarehe za dozi ya pili na ya tatu ya chanjo ziandikwe mahali ambapo shangazi ataziona, kwa kuwa dozi ya tatu huja miezi sita baada ya ile ya kwanza, na wakati huo atakuwa amekwisha kurudi kwenye majahazi yake.